Mlango Uliofungwa Si Aibu ya Mzazi

Kila kampeni ya watoto wenye ulemavu inapozinduliwa nchini Kenya, hotuba huwa ile ile: wazazi wakome kuwaficha watoto. Makala mawili tuliyoletewa kwa toleo hili yalianza kwa kauli hiyo. Niliwaomba waandishi waifute. Mmoja alikubali, mwingine akashikilia, na nimemchapisha kama alivyo ili nimjibu hapa.

Sisemi aibu haipo. Ipo, na masimulizi ya laana bado yanawatesa akina mama wengi. Lakini mama wa mtaa wa Mukuru, Nairobi, anayetoka alfajiri kutafuta kibarua cha kufua nguo, akamwacha mtoto mwenye mtindio wa ubongo ndani na kufuli nje, hamfichi mtu. Majirani wote wanamjua mtoto huyo kwa jina. Mama ameshabisha hodi deikea ya kwanza akaambiwa imejaa, ya pili akaambiwa mtoto atawaogopesha wenzake, ya tatu akatakiwa alipe mara mbili. Asipofunga mlango, itabidi dada mtu atolewe shuleni.

Mwenye deikea naye simlaumu. Katika mitaa ya mabanda ya Nairobi ada huwa kati ya shilingi 50 na 100 kwa siku, na hulipwa siku ambayo mama amepata kazi. Kwa pesa hizo mlezi mmoja hukaa na watoto kumi au zaidi katika chumba kimoja. Mtoto asiyemeza vizuri hulishwa ameketishwa wima, kijiko kwa kijiko, na mlo mmoja unaweza kuchukua karibu saa nzima. Muda huo wengine wako na nani? Akiharakishwa, chakula kinaingia mapafuni. Mlezi anayejua hivyo na kukataa kumpokea amefanya hesabu ya mtu mwenye mikono miwili tu.

Kinachonikera ni kwamba serikali inaijua hesabu hii. Mpango wa fedha kwa watu wenye ulemavu mkubwa, ulioanza mwaka 2011 na ambao sasa uko chini ya Inua Jamii, unawalenga wale wanaohitaji kuhudumiwa na mtu saa 24. Kigezo hicho serikali imekiweka yenyewe. Kisha kaya inapewa shilingi 2,000 kwa mwezi, kiasi ambacho hakijapanda kwa zaidi ya miaka kumi. Deikea ya shilingi 80, kwa siku 26 za kazi, ni shilingi 2,080. Posho yote inamezwa na ada ya mtoto asiye na ulemavu, na bado hujanunua nepi wala kulipa nauli ya kliniki.

Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 nalo limekabidhi vituo vya kulelea watoto kwa kaunti, na Nairobi ilitunga sheria yake ya vituo hivyo mwaka 2017. Basi fedha za ulemavu ziko kwa serikali kuu, deikea ziko kwa kaunti, na hakuna anayelazimika kuvikutanisha viwili hivyo.

Rai yangu ni kwamba kaunti ilipe mshahara wa mlezi wa pili katika kila deikea iliyosajiliwa inayopokea watoto wenye ulemavu. Pesa ziende kwa mlezi moja kwa moja, kwa sababu hata ukimwongezea mama posho, huduma yenyewe haipo mtaani ainunue. Mtaalamu wa tiba ya viungo kutoka hospitali ya kaunti amfundishe mlezi huyo kulisha, kuketisha na kunyoosha viungo. Tena usajili wenyewe utarahisika. Leo wenye deikea huwakwepa maafisa wa kaunti kwa kuwa usajili kwao ni gharama tupu. Ukija na mshahara, watajitokeza wenyewe.

Mwandishi wetu wa Kisumu anataka kituo maalumu katika kila kaunti. Ameandika kwa uchungu wa kweli, lakini sikubaliani naye. Vituo 47 havimfai mama anayembeba mtoto wa miaka sita mgongoni na kupanda matatu mbili kabla ya saa moja asubuhi. Jengo hukatiwa utepe, mshahara haukatiwi, na nadhani ndiyo maana bajeti zetu hupenda majengo. Mtoto alelewe mtaani kwake, pamoja na watoto atakaosoma nao.

Katika toleo hili, makala ya muuguzi wa Kilifi kuhusu kulisha yasomwe kabla ya mengine yote. Baba wa Eldoret anaeleza jinsi anavyomlea binti mwenye usonji tangu mkewe apate kazi ya usiku. Wakili wetu anachambua Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025. Mapitio ya vitabu yako mwishoni.

Makadirio ya bajeti za kaunti hupitishwa kabla ya Juni kwisha, na sheria inataka wananchi wasikilizwe kwanza. Kikao kikiitishwa katika wadi yako, nenda, na uulize mlezi wa pili wa deikea ametengewa shilingi ngapi.