Bakteria nao wana programu ya dharura

Mwandishi yeyote wa programu hujua kwamba mambo yataharibika siku moja, kwa hivyo huandika mapema sehemu ya kushughulikia dharura. Bakteria walitutangulia katika hili, tena zamani sana, kabla tarakilishi haijaota na mtu!

Mtazame Escherichia coli aishiye tumboni mwako. Ana protini iitwayo LexA ambayo kazi yake ni kuzima jeni zipatazo 40. Siku za amani jeni hizo hulala. DNA yake ikikatika ghafla, protini nyingine, RecA, hushika sehemu zilizobaki wazi na kuifanya LexA ijikate. Hapo jeni za ukarabati huamka. Miaka ya 1970 Miroslav Radman aliuita mfumo huu SOS, kama wito wa meli inayozama.

Hatari ikizidi, huitwa vimeng'enya vinavyonakili DNA kwa pupa, hata kwa kukosea herufi. Makosa mengi ni hasara tupu. Lakini bakteria ni mamilioni, na kosa moja laweza kubadilisha mahali paleple dawa inapolenga. Huyo mmoja hupona, akazaana.

Sasa tuje nyumbani. Siprofloksasini huua bakteria kwa kuvunja DNA yao, yaani hukibonyeza king'ora chenyewe. Mwaka 2005 watafiti wa Scripps, Marekani, walitumia bakteria ambao LexA yao haikatiki. Ndani ya panya waliotibiwa kwa dawa hiyo, bakteria hao walishindwa kujenga usugu.

Ndiyo maana mimi hupinga tabia ya kuingia duka la dawa bila cheti cha daktari na kuomba "vidonge viwili tu vya tumbo". Dawa kidogo hivyo yaweza kuliza king'ora bila kumaliza adui. Kweli, bakteria hupeana pia jeni za usugu wao kwa wao, lakini hilo si sababu ya kuwapa mazoezi zaidi.

Najua pesa ni shida, na foleni ya hospitali ni ndefu. Hata hivyo, kipimo aachiwe daktari. Mfumo uliozoea dharura namna hii haujaribiwi kwa nusu nusu. Wewe waonaje, ndugu msomaji?