DESTURI NA MAENDELEO: Nyota Njema ya Arusi na Mbuzi wa Ntheo

Kila mzazi, awe amesoma au hakusoma, hutamani jambo moja siku ya arusi ya mtoto wake: ianze kwa heri na iishe kwa heri. Kwa sababu hiyo hapana siku nyingine ambayo watu hutazama ishara kama siku hiyo. Mtu ambaye mwaka mzima hucheka akisikia habari za kisirani, siku ya kumwoza binti yake huonekana akiinua macho kutazama mawingu, na akijikwaa mguu mlangoni husimama kidogo kabla ya kuendelea.

Lugha ya Kiswahili yenyewe yashuhudia jambo hili. Neno “ndege” ni jina la kiumbe arukaye, na tena maana yake ni fali. Ndege njema ni dalili ya heri, na ndege mbaya ni dalili ya shari. Watu wa Ukambani hawahitaji kuelezwa sana sababu yake. Msafiri wa zamani aliyetoka Kitui kwenda nchi za mbali kwa biashara ya pembe alisikiliza sauti za ndege njiani, hasa kigong'ota, ili ajue kama safari yake itakuwa njema. Nao wazee waliotumwa kuposa walikuwa wasafiri vilevile, wakaenda na masikio yao.

Jambo jingine lililoogopwa ni kuhesabu. Bwana C. W. Hobley, aliyepata kuwa mkuu wa Jimbo la Ukamba katika siku za serikali ya Kiingereza, alitoa kitabu juu ya Wakamba mwaka 1910. Aliandika kwamba mtu alijua idadi ya watoto wake, lakini hakupenda kuitaja mbele ya wageni. Tena alisimulia habari aliyopewa juu ya mtu mmoja wa vilima vya Iveti, jina lake Munda wa Ngola, aliyekuwa na wana na mabinti wengi. Mtu huyo alijisifu kwamba yeye na wanawe waweza kuyazuia mashambulio yote ya Wamasai. Usiku mmoja Wamasai walimjia ghafula wakamwua pamoja na watu wake, na nchi nzima ikasema kwamba majivuno yake ndiyo yaliyomponza.

Msomaji wa siku hizi atasema kwamba Wamasai hawakuletwa na hesabu. Maneno yake ni kweli. Lakini na aitazame habari hiyo mara ya pili. Ndani ya ganda la hofu mna kiini cha akili, nacho ni kwamba mtu asitangaze mali na watoto wake njiani, maana si kila asikiaye ni rafiki. Mzee aliyekataa kutaja idadi ya mabinti zake mbele ya wageni hakuwa mjinga hata kidogo.

Namba saba nayo ilikuwa na sifa mbaya. Hobley huyo huyo, katika kitabu kingine cha mwaka 1922, aliandika kwamba Wakamba na Wakikuyu waliiona saba kuwa namba ya mkosi. Hata leo, karibu na mji wa Kitui, kuna jabali kubwa la Nzambani, na wenyeji huwasimulia wageni kwamba mtu akilizunguka mara saba atageuka: mwanamume atakuwa mwanamke, na mwanamke atakuwa mwanamume. Wageni hucheka, hupanda ngazi mpaka juu, hutazama nchi, kisha hushuka. Lakini wengi wao hawaendi kulizunguka mara ya saba.

Isidhaniwe kwamba mambo haya ni ya Waafrika peke yao. Wamisionari wa Africa Inland Mission walipofika Nzaui, katika nchi ambayo leo ni Makueni, mwaka 1895, walileta Injili. Na baada yao zikaja desturi za arusi za kwao. Watu wengi hudhani kwamba nguo nyeupe ya bibi arusi ni amri ya dini. Sivyo. Desturi hiyo ilienea sana baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuvaa nyeupe alipoolewa mwaka 1840. Waingereza wenyewe, pamoja na elimu yao yote, wana desturi kwamba bibi arusi avae kitu cha zamani, kitu kipya, kitu cha kuazima na kitu cha rangi ya samawati, na wengine walitia sarafu ya nusu shilingi ndani ya kiatu chake ili asione umaskini. Bwana arusi wao haruhusiwi kuiona nguo ya mchumba wake kabla ya siku yenyewe, na watokapo kanisani hunyunyiziwa punje za mchele wapate uzazi. Huko pwani nako mwari hufichwa ndani siku kadhaa, hutiwa hina na kufukizwa udi, asipatwe na jicho la hasidi. Basi, anayemcheka jirani yake kwa sababu ya kigong'ota, na atazame kwanza mchele ulio begani mwake.

Katika ishara zote, iliyo bora Ukambani ni mvua. Mahali pengine mvua ikinyesha siku ya arusi, wageni hununa kwa kuwa viatu vimechafuka. Kitui na Makueni wazee hufurahi. Wana sababu, kwa kuwa nchi hiyo hupata mvua mara mbili kwa mwaka, na mara nyingine huzikosa zote mbili. Njaa kuu ya mwaka 1898 na 1899 iliitwa Ngomanisye, maana ilienea kila mahali, na katika siku hizo wako wanawake na watoto waliowekwa rehani kwa Wakikuyu ili watu wapate chakula. Njaa ya mwaka 1961 iliitwa ya ndeke, yaani ya ndege ulaya, kwa sababu chakula kiliangushwa kutoka angani. Mtu ambaye babu zake waliyapitia hayo, akiona wingu jeusi juu ya hema la arusi, hawezi kuliita balaa. Wakulima wengi wamezoea kuweka arusi mwezi wa Agosti au Desemba, wakati watoto wametoka shule na walio kazini Nairobi na Mombasa wamerudi nyumbani. Mvua ya Desemba ikimlowesha bibi arusi, hulowesha pia mahindi, kunde na pojo zilizopandwa kabla yake. Hiyo ni ndege njema ambayo hata bwana shamba ataikubali.

Lakini kuna hatari moja. Mtu aweza kuzitazama ishara ndogo ndogo mpaka akasahau jambo lenyewe. Msomaji na amfikirie kijana mmoja, karani katika mji wa Wote, anayependana na msichana wa Zombe, upande wa mashariki ya Kitui. Wamekwisha ulizana mbai, yaani ukoo, wakaona hapana kizuizi. Wamekaa nyumba moja miaka minne, na Mungu amewapa watoto wawili. Kijana hakatai kuoa. Anaweka akiba ya arusi kubwa: hema, magari yaliyopambwa, keki ya ngazi tatu, pete za dhahabu. Amekwisha kuichagua na tarehe, akaikataa tarehe saba. Kila mwaka fedha hazitoshi, na kila mwaka arusi huahirishwa.

Siku moja baba mkubwa wa msichana anakuja kuwatembelea. Anapewa kiti, anakunywa chai, kisha anauliza kwa upole, “Mwanangu, mbuzi wa ntheo wako wapi?”

“Mzee wangu, watakuja,” asema kijana. “Nataka kwanza nitimize arusi, nisiwaaibishe.”

“Hema ni kivuli cha siku moja, mwanangu. Mkeo atahitaji kivuli siku ambayo wewe hupo.”

Kijana anatikisa kichwa kwa heshima, naye mzee anarudi Zombe. Miezi mitatu baadaye kijana anapata ajali katika barabara kuu ya Mombasa, anafariki. Wakati wa matanga ndugu wa marehemu wanamwuliza yule mwanamke swali lile lile aliloulizwa mumewe: ntheo iko wapi? Hana la kujibu. Hana cheti cha kanisa, hana cheti cha serikali, wala hapana mzee awezaye kusimama aseme kwamba alikula nyama ya mbuzi huyo. Wasemao kwamba nyumba, shamba na akiba ya marehemu si vyake, wamepata pa kushika. Mfano huu umetungwa, lakini mashauri ya namna hiyo yamefika mara nyingi mbele ya mahakimu wa Kenya.

Ntheo ni nini hasa? Ni mbuzi, aghalabu watatu, ambao upande wa mume huwapeleka nyumbani kwa wazazi wa msichana, na mmoja wao huchinjwa huko, jamaa za pande zote mbili zikala pamoja. Ng'ombe na mbuzi wengine wa mahari, yaani ngasya, waweza kulipwa polepole kwa miaka mingi, na wako wazee waliokufa wakidaiwa. Lakini ntheo haingoji. Bwana Eugene Cotran, aliyekusanya sheria za ndoa za makabila ya Kenya katika kitabu kilichotolewa mwaka 1968, alieleza kwamba kwa sheria ya Wakamba ndoa ya kimila haijawa ndoa mpaka ntheo imechinjwa. Mahakama za Kenya zimekitumia kitabu hicho mara kwa mara.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 haikuzifuta desturi hizo. Imezitambua ndoa za kimila sawa na ndoa za kanisani, za Kiislamu, za Kihindu na za serikali. Imeagiza kwamba waoanao wawe wametimiza miaka 18 na wawe wamekubali kwa hiari yao. Imesema pia kwamba pale ambapo mahari yatakiwa ili kuthibitisha ndoa, sehemu ndogo tu iliyotolewa kama ishara yatosha. Tena waliooana kimila watakiwa wampe Msajili habari katika muda wa miezi mitatu baada ya kutimiza sherehe zao, wapate kuandikishwa na kupewa cheti. Kazi ya kuandikisha ndoa hizo ilianza mwaka 2017. Ni kweli kwamba mahakama yaweza kuwahesabu watu kuwa mume na mke kwa sababu ya kukaa pamoja muda mrefu. Lakini njia hiyo ni ndefu na ina gharama, na Mahakama ya Juu ilisema mwaka 2023 kwamba itumike kwa nadra.

Basi, mkulima au karani ambaye hana fedha za hema asione haya. Akiweza kwenda kanisani au kwa Msajili na watu wachache, ndoa yake ni ndoa kamili. Akipenda desturi ya wazee, mbuzi watatu si mali ya kumshinda mtu wa Kitui, na nyama ya mbuzi mmoja ikiliwa mbele ya mashahidi, kisha habari ikapelekwa ofisini, mkewe ana kivuli. Keki yaweza kungoja mavuno ya pojo ya mwaka ujao.

Liko na jambo jingine ambalo wazee waliliweka mbele ya ishara zote. Waliogopa kiumo, yaani laana ya mzazi, kuliko ndege yeyote wa mwituni. Kwa hiyo kabla ya arusi walitafuta ugomvi wa zamani uliokuwa katikati ya jamaa, wakaumaliza. Kijana aliyekosana na baba yake alikwenda kumwomba radhi. Msichana aliyemwudhi mama yake alifanya hivyo hivyo. Hapo ndipo wazee walipowabariki. Mtu aweza kuliamini hilo kwa sababu ya dini yake, au kwa sababu ya mila, au kwa akili tu. Kwa njia zote tatu atafika mahali pamoja, maana nyumba iliyojengwa juu ya ugomvi haikai. Waswahili husema kwamba radhi ni bora kuliko mali.

Nyota njema huonekana asubuhi. Katika ndoa asubuhi ni siku ile wazee wa pande mbili wanapoketi chini ya mti mmoja, msichana akiulizwa mbele ya watu naye akijibu kwa kinywa chake, mbuzi akichinjwa, na majina mawili yakiandikwa kitabuni. Mvua ikinyesha baada ya hayo, ni heri juu ya heri. Isiponyesha, watu hao wamekwisha kuoana.