Si lazima jin ndiyo ujiburudishe

Ukitoka Masalani ukaenda chuoni Nairobi, karamu ya kwanza tu utaulizwa: “Kwani wewe hunywi? Sasa unajifurahisha na nini?” Wengi wetu, kwa kuona haya, hushika glasi ambayo nyumbani Ijara hatungeigusa.

Mimi nasema usione haya. Hiyo Tom Collins inayosifiwa, ambayo Mmarekani Jerry Thomas aliiweka kwenye kitabu chake mwaka wa 1876, haina maajabu: jin, limau, sukari, maji ya soda na barafu. Ondoa jin. Vilivyobaki ndivyo vinavyokata kiu jua likiwaka. Na kama ni harufu, ya jin hutokana na tunda la mreteni. Sisi tuna iliki, ile ile ya chai ya mama.

Jaribu leo. Chemsha vijiko viwili vya sukari na iliki tatu zilizopondwa katika nusu kikombe cha maji. Ikipoa, chuja, kamulia ndimu moja, tia barafu. Maji ya soda yaje mwisho, polepole. Koroga mara moja tu, maana ukizidisha gesi yote itatoka ubaki na sharubati.

Ukialikwa tena, beba ndimu zako na uwaonjeshe wenzako. Rafiki wa kweli atakuomba glasi ya pili. Anayekucheka kwa sababu ya kilichomo kwenye glasi yako hakukualika wewe. Alitafuta mtu wa kulewa naye.