Somo Naye Apewe Somo

Tumezoea kumfundisha mzazi peke yake. Anakwenda kliniki na tumbo lake, anakaa kwenye benchi, muuguzi anamweleza: mtoto awekwe ziwani ndani ya saa 1 ya kuzaliwa, anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi 6, asionjeshwe hata maji. Mzazi anaitikia. Siku mbili baada ya kujifungua yuko kitandani kwao, hoi, na jikoni yupo mama mkwe, yupo shangazi, yupo na somo wake aliyemfunda, kila mmoja na kikombe chake. Hapo nani atasikilizwa, muuguzi aliyebaki kliniki au mwenye kijiko mkononi?

Basi leo nasema na wenye vijiko. Shikamooni, mama zangu. Sikuja kuwavunjia heshima. Mzazi mnamkanda, mnamfulia, mnampikia uji wa pilipili manga na mchuzi wa pweza, mnamkataza kushika ndoo mpaka arobaini ipite. Hayo yaendelee, na laiti waume wangesaidia. Ninachokipinga ni kile kikombe cha maji ya sukari mnachomnywesha mtoto.

Mnasema ziwa bado halijatoka, mtoto atalala na njaa. Lakini dang'a ile nzito ya manjano, ambayo wengine huikamua wakaimwaga kwa kuidhania uchafu, ndiyo chakula chenyewe, tena imejaa kinga ya maradhi. Ni kidogo kwa sababu tumbo la mtoto wa siku moja nalo ni dogo, kijiko kimoja cha chai kinalitosha. Na mkisema joto la Pwani linamkausha koo, maziwa ya mama sehemu yake kubwa ni maji, na maji hayo hayana haja ya kuchemshwa.

Tazameni madhara yanavyokuja taratibu. Ziwa hutengeneza maziwa kadiri linavyonyonywa. Mtoto aliyeshibishwa maji hanyonyi sana; asiponyonya, maziwa yanapungua; yakipungua, mnasema, "Si tulijua, hayamtoshi!" Hapo linanunuliwa kopo. Kopo ni ghali, kwa hiyo unga unapimwa kwa uchoyo na maji yanazidishwa, chupa inaoshwa haraka haraka, na mtoto anaanza kuharisha. Hakuna aliyemtakia mabaya. Atakaye kujua kama anashiba atazame nepi: akilowesha sita au zaidi kwa siku, na uzito unapanda kwenye kadi, mwacheni.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Mtoto akifika miezi minane au tisa, akianza kukonda na nywele kupauka, mitaani kwetu hukumu hutoka mapema: amebemendwa. Baba na mama wanatazamwa kwa jicho la aibu, kana kwamba kulala pamoja kumemharibu mtoto. Mimi ningeomba kwanza nifunue sufuria. Mara nyingi mle kuna uji mwepesi kama maji ya kunawa. Mtoto anakunywa bakuli zima, tumbo linajaa, nguvu hapati. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba katika kila watoto 100 wa Tanzania walio chini ya miaka 5, 30 wamedumaa. Hao wote walibemendwa?

Uji wa mtoto usichuruzike kijikoni. Utiwe karanga zilizosagwa (zisizo na ukungu, tafadhali, Dodoma na Manyara mwaka 2016 watu walikufa kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu), au yai, au dagaa waliosagwa, pamoja na tone la mafuta. Kama mtoto anashindwa kumeza uji mzito, dawa ipo kwa wapika togwa tangu zamani. Loweka ulezi usiku kucha, uchuje, uufunike kwa kitambaa kibichi mpaka uote, uanike, usage. Hicho ni kimea. Pika uji mzito, uache upoe kidogo, tia kijiko cha kimea na ukoroge: utalegea machoni pako bila kuongezwa maji. Uchemshe tena kidogo, umpe. Wataalamu wa Taasisi ya Chakula na Lishe wamekichunguza kimea hiki tangu miaka ya 1980, nasi tukakimbilia pakiti za "unga wa lishe" zenye nafaka saba. Ziwa nalo lisikatwe. Liendelee mpaka miaka 2.

Waajiri nao wasijifiche nyuma ya bibi wa mtoto. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inampa mzazi likizo ya siku 84, na 100 akizaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Akirudi kazini ana haki ya hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha. Ni wangapi wanaozipata bila kununiwa? Na muuza vitumbua hana hata huyo wa kumnunia. Yeye atamfunga mtoto mgongoni alfajiri au atamwachia bibi.

Ndiyo maana namrudia bibi. Wauguzi, siku ya mahudhurio mwiteni naye, mpeni kiti cha mbele, na mumuulize kwanza yeye alinyonyeshaje. Nawe mzazi mtarajiwa, kliniki ijayo usiende peke yako: mpitie mama mkwe, mwambie aje na ulezi kidogo, aoneshe wengine unavyooteshwa.