Mteja hachapi kama roboti, acheni kuyadanganya majaribio

Wadau, leo nimekereka na sifichi.

Kuna duka la miche na maua hapa Karen, jina nalihifadhi, lililotaka wateja waagize kwenye tovuti na kulipa kwa M-PESA. Fomu ni fupi: jina, mahali pa kupelekewa mzigo, namba ya simu. Kitufe cha "Lipa" kinabaki kimefifia mpaka namba ikamilike. Wasanidi waliopewa kazi waliandika majaribio ya kiotomatiki, yote yakawa kijani, wakalipwa, wakaenda zao. Kisha wateja wakaanza kupiga simu dukani: namba nimeweka, mbona kitufe hakibonyezeki?

Msimbo ulikuwa unasikiliza `keyup`, tukio linalotokea mtu anapoachilia kitufe cha kibodi. Sasa fikiria mtu anayeagiza maua na bili inalipwa na dada yake. Namba ya dada iko WhatsApp. Anainakili, anashikilia kidole kwenye kisanduku, anabandika. Hakuna kitufe cha kibodi kilichoguswa, kwa hiyo hakuna `keyup`. Yeye anaiona namba, lakini ukurasa unadhani hajaandika kitu.

Kilichonichoma hasa nilikikuta kwenye historia ya Git. Jaribio la kwanza lilitumia `fill` ya Playwright, ambayo huweka maandishi yote kwa mkupuo na kurusha tukio la `input` tu. Likawa jekundu. Yaani chombo kiliwaambia ukweli kabla ya mteja yeyote kuumia! Wao wakafanya nini? Wakaondoa `fill`, wakaweka `pressSequentially`, inayobonyeza herufi mojamoja kama karani wa taipureta. Kijani! Msimbo wenye kosa haukuguswa.

Halafu kisanduku kilikuwa na `maxlength` ya 10, kwa ajili ya namba zinazoanza na 07 au 01. Bandika namba yenye +254 mbele, herufi 13, na kivinjari kinakata tatu za mwisho kimyakimya. Hili nalo lilikuwa na jaribio lake, tena limepita, kwa sababu liliweka `value` moja kwa moja kwa JavaScript, na `maxlength` haizuii maandishi yanayowekwa na msimbo. Kwa kuwa njia hiyo hairushi tukio lolote, wakalirusha wenyewe kwa `dispatchEvent`. Huo ni mtihani uliojitungia, ukajisahihishia, ukajipa A. Hata kivinjari chenyewe hulipa tukio la namna hiyo `isTrusted` ya uongo.

Jason Huggins alipoanzisha Selenium mwaka 2004 kule ThoughtWorks, Chicago, ilikuwa JavaScript inayokimbia ndani ya ukurasa, kwa hiyo ililazimika kuigiza matukio. Ilikuwa na udhuru. WebDriver, inayoendesha kivinjari kutoka nje, ni kiwango rasmi cha W3C tangu 2018. Nyinyi udhuru wenu ni upi?

Najua jibu: "Hatuwezi kujaribu kila simu." Nani kasema kila simu? Jaribuni kuchapa, kubandika na kufuta. `keyboard.insertText` ya Playwright hutoa `input` bila kitufe chochote kubonyezwa, na hiyo yatosha kumnasa anayetegemea `keyup`. Na msijidanganye kwamba mkiipa Playwright jina la simu ya Android mmepata simu: mnapata ukubwa wa skrini, mguso na utambulisho wa kivinjari. Kibodi ya Android haimo. Kibodi hiyo, kwenye kisanduku cha maandishi, mara nyingi huipa `keydown` namba 229 kwa karibu kila herufi, na anayechuja herufi kwa `keyCode` ameumia. Wekeni simu moja ya bei rahisi mezani, mwingize namba kwa kidole kabla ya kuomba malipo ya mwisho.

Marekebisho yenyewe hayakufika mistari ishirini. `keyup` ikawa `input`, `maxlength` ikaondoka, na namba yoyote sasa inageuzwa kuwa 254 na tarakimu tisa, jinsi Daraja ya Safaricom inavyoitaka. Lile jaribio la kwanza la `fill` nimelirudisha lilivyokuwa, bila kubadilisha herufi. Limepita.