KONA YA FUNDI: Pyesi ya zamani usiiuze kwa kilo

Mwezi huu tunaongea na wenye pickup za zamani, na hata ninyi msio na gari ila maharagwe yenu yanapanda pickup hizo kwenda Mbarara. Usiku mgonjwa akizidiwa, mara nyingi tunakimbilia hizo hizo. Moja ikifa, tunaumia wengi.

Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza nchini gari lililotimiza miaka 15 tangu litengenezwe. Maana yake, Hilux ya 1988 au 1992 hailetwi tena kutoka Japani. Zilizobaki ni hizi tunazoziona barabarani, na zile zilizolala nyuma ya gereji. Basi pyesi zake, au spea kama wengine mnavyosema, tuzitunze kama mbegu.

Ijue motere yako. Toyota ilianza kutengeneza Hilux mwaka 1968, na toka hapo zimetoka aina nyingi zinazofanana kwa macho tu. Za dizeli kuna motere za 2L, 3L na 5L: ya kwanza ni lita 2.4, ya pili 2.8, ya tatu 3.0. Pistoni hazilingani, na gasketi ya hedi hailingani. Tena gari inaweza kuwa ilikuja na 2L, leo ndani kuna 3L. Usikisie. Soma namba iliyogongwa kwenye motere yenyewe, iandike kwenye daftari, na ukienda Mbarara beba pyesi iliyokufa mkononi. Ukikosa huko, itabidi kutuma mtu soko la Kisekka, Kampala, kilomita 270 hivi kutoka Mbarara. Akirudi na kitu kisichoingia, nauli inalipwa mara mbili.

Kinachoua hedi ni joto. Familia moja ya Rubondo motere yao ilichemka njiani na mzigo wa mahindi. Fundi alipofungua, akakuta hedi imepinda. Mnunuzi wa vyuma chakavu akapita, wakamwuzia kwa kilo. Kumbe hedi iliyopinda kidogo inasawazishwa kwa mashine. Iliyopasuka ndiyo shida. Wakatafuta nyingine miezi mitatu, na pickup hiyo ndiyo ilikuwa inalipa ada za watoto.

Kwa hiyo kila asubuhi, motere ikiwa baridi, angalieni maji ya rejeta na oili. Mshale wa joto ukipanda, simama, zima, ngoja. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa moto, utaungua; wala usimwage maji baridi kwenye motere iliyochemka. Oili ikigeuka kama chai ya maziwa, maji yameingia. Usiwashe tena, vuta gari hadi kwa fundi.

Mkanda wa taimingi wa motere hizo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Kama hujui ulibadilishwa lini, badilisha sasa. Ukikatika mwendoni, valvu zinagonga pistoni, na hapo utanunua vingi kwa mpigo.

Watu watatu au wanne wenye motere ya aina moja mnaweza kuchanga mkanunua pickup iliyokufa, ya kuchinja. Andikeni mapema nani katoa kiasi gani na nani anatunza. Chukueni karatasi ya mauzo yenye namba ya chasi na ya motere, ili polisi wakiuliza mwe na jibu. Vyuma vipakeni oili na kuvifunga kwenye kitambaa. Mipira na mikanda isiguse oili wala jua. Hedi ilazeni juu ya mbao, uso wake usikwaruzwe. Boliti ziwe kwenye kopo, na jina juu yake.

Na pyesi yoyote iliyotolewa isiondoke nyumbani mpaka nyingine imefungwa na gari imetembea. Hata hapo, mwulize kwanza mchongaji vyuma kama haitengenezeki. Mnunuzi wa chakavu atarudi tu, hana haraka.

Wikendi hii mtoto mmoja ashike tochi, mwingine aandike namba. Mwezi ujao tutaongea juu ya springi na mizigo. Mkae salama.