Kura ya Mchujo ni Amana

Katika majimbo kadhaa ya Marekani, sharia haimlazimu raia kujiandikisha kuwa mfuasi wa chama chochote, na siku ya mchujo huchagua mwenyewe atapiga kura katika mchujo wa chama gani; hata mfuasi wa Democrat aweza kuingia kwa mahasimu wake wa Republican akawachagulia mgombea, nao wakamlipa vivyo hivyo. Wako wanaoisifu desturi hiyo, kwa hoja kwamba mgombea anayekubalika hata kwa wasio wa chama chake ndiye mwenye nafasi ya kushinda uchaguzi mkuu, na wako wanaoilaani kuwa ni hila tupu. Rai yangu ni kwamba haina ubaya, mradi mpiga kura amchague mtu ambaye yu radhi kutawaliwa naye.

Tutazame Mississippi, mwaka 2014. Seneta Thad Cochran alitanguliwa kidogo na Chris McDaniel katika mchujo wa Republican wa tarehe 3 Juni, na kwa kuwa hakuna aliyepata zaidi ya nusu ya kura, ikabidi warudiane tarehe 24. Cochran akawaendea waziwazi wapiga kura Weusi, ambao aghalabu ni wa Democrat, nao wakamwitikia, akashinda kwa kura zisizofika 8,000. McDaniel alilalamika hadi mahakamani, asifaulu. Nami naona raia wale walitenda kwa insafu, kwa kuwa katika jimbo ambalo halijamchagua seneta wa Democrat tangu 1982, mchujo wa Republican ndio uchaguzi wenyewe, na kumzuilia mtu mchujo huo ni kumnyima sauti katika kumchagua atakayemtawala.

Lakini mwaka 2008 mtangazaji Rush Limbaugh aliwahimiza wasikilizaji wake wa Republican wampigie Hillary Clinton katika mchujo wa Democrat, kwa azma ya kurefusha ugomvi wa Clinton na Barack Obama ili chama cha Democrat kidhoofike. Na mwaka 2012 huko Missouri, Seneta Claire McCaskill wa Democrat alitumia takriban dola milioni 1.7 kwa matangazo yaliyompandisha Todd Akin katika mchujo wa Republican, akimdhania ndiye mwepesi wa kushindwa. Akin alipita, kisha akanena maneno ya aibu juu ya ubakaji, akaanguka. Hesabu ilitimia, ilhali katika uchaguzi huohuo Mitt Romney wa Republican alishinda kura ya urais jimboni humo. Laiti Akin angaliuzuia ulimi wake, huenda McCaskill angalikuwa amewaletea watu wa Missouri kiongozi ambaye yeye mwenyewe alimwona hafai.

Sharia yaweza kuufunga mlango wa mchujo au kuufungua, lakini haiwezi kuisoma nia ya mtu. Nasi Kenya, ambako katika maeneo mengi tikiti ya chama chenye nguvu ni sawa na ushindi, twapaswa kuzingatia hayo. Basi wewe unayekwenda kwenye mchujo, uwe wa chama chako au wa wenzio, jiulize kwanza: mtu huyu akishinda, nitaridhika awe kiongozi wangu? Ikiwa jawabu ni la, usimpigie kura.